Krimu ya tretinoini kwenye uso unaozeeka: inaweza nini na haiwezi nini

Katika krimu zote zinazouzwa kwa ahadi ya kupunguza makunyanzi, tretinoini ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote, na ndiyo pia inayotelekezwa kabatini mapema kuliko zote. Mtu anaipaka siku kumi, uso unawaka na kubabuka, anaiacha na kusema haifai. Mwingine anavumilia mwaka mzima, halafu analalamika kwamba mashavu yake bado yameshuka. Wa kwanza aliitumia vibaya. Wa pili aliitumia vizuri, ila aliipa kazi isiyo yake.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa vistari vyembamba, ngozi yenye kukwaruza, rangi isiyolingana na madoa yaliyoletwa na jua, hii ndiyo krimu tunayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote, kwa sharti kwamba utapaka pia kinga ya jua kila asubuhi. Kwa mashavu yaliyolegea, mstari wa taya uliopotea, vifuko chini ya macho na shingo iliyojikunja, usiinunue. Haitakudhuru ukiitumia sawasawa, lakini haitafika huko.

Kioo kabla ya tyubu

Kuna jaribio la dakika mbili ambalo kila mnunuzi angelifanya kwanza. Shika kioo cha mkono, simama karibu na dirisha mwanga ukitokea ubavuni, na utazame uso wako bila kutabasamu. Kisha lala chali, inua kioo juu ya uso, utazame tena. Utaona mashavu yameteleza kuelekea masikioni, taya imenyooka, na ile mikunjo miwili inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo imepungua kina. Chochote kilichotoweka ulipolala kinatoka chini ya ngozi: mafuta, mishikizo inayoyashikilia, misuli na mifupa. Kilichobaki palepale ndicho kilicho ndani ya ngozi yenyewe: vistari vya pembeni mwa macho, ukavu, vitundu vilivyopanuka, madoa. Tretinoini inafanya kazi kwenye hicho cha pili tu.

Wengi hawajui ni kiasi gani cha uzee wa uso kiko chini. Matundu ya macho kwenye fuvu hupanuka kadiri miaka inavyokwenda. Mfupa wa taya ya juu hurudi nyuma, taya ya chini hupungua, na aliyepoteza meno hupungukiwa taya haraka zaidi. Ngozi iliyokuwa imetandwa juu ya umbo kubwa sasa inakaa juu ya umbo dogo, kama foronya kubwa iliyovishwa mto mdogo. Ncha ya pua inakosa egemeo na kuinama. Mafuta ya uso nayo hayako katika donge moja. Yamegawanyika mafungumafungu, na kila fungu linazeeka kivyake. Yale ya ndani ya shavu na ya kwenye panja hunywea, ilhali yale yaliyo nyuma ya kope la chini husukumwa mbele na kufanya vifuko. Midomo inakonda, mdomo wa juu unarefuka, ndiyo maana mtu mwenye umri akizungumza meno ya chini huonekana zaidi kuliko ya juu. Hata masikio hayabaki kama yalivyokuwa: vipimo vya watu 206 vilivyochapishwa Uingereza mwaka 1995 vilionyesha yanarefuka kwa wastani wa milimita 0.22 kwa mwaka, yaani kama sentimita moja katika miaka 50.

Husemwa ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kwa mifupa na mafuta ya uso, kwa upande wa krimu, msemo huo ni kweli kabisa. Kwa ngozi ya juu kuna kidogo kinachoweza kurudishwa, na kidogo hicho kinapimika.

Ngozi yenyewe inashikiliwa na nyuzi za kolajeni, zinazoipa unene na uimara, na za elastini, zinazoirudisha mahali pake ikivutwa. Tangu mwanzo wa utu uzima kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Kwa wanawake kuna mporomoko mwingine: katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kolajeni ya ngozi inaweza kupungua kwa karibu asilimia 30, kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka. Ukibana ngozi ya nyuma ya kiganja kwa vidole viwili na kuiachia, utaona mwenyewe: ya kijana inarudi papo hapo, ya mzee inabaki imesimama kama tuta dogo kabla ya kulala.

Hilo ni la umri. Jua linaongeza la kwake, na kwa uso wa watu wengi ndilo kubwa zaidi. Mionzi ya UVA hupenya mawingu na kioo cha dirisha, hushuka hadi tabaka la ndani la ngozi, na huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ngozi ilikuwa nene, imekunjamana kwa mifereji mirefu. Upande wa kulia ungedhani ni wa mtu mwingine mdogo kwake. Mashavu yote mawili yalikuwa na umri uleule, kilichotofautiana ni dirisha.

Kwa ngozi nyeusi hesabu inabadilika kidogo, na maelezo mengi ya krimu hizi hayalisemi hilo. Melanini (rangi ya asili ya ngozi) ikiwa nyingi inachelewesha makunyanzi. Uzee hutangulia kuonekana kwa rangi kupotea ulinganifu: paji la uso na pembeni mwa mashavu kuwa meusi kuliko kati, madoa ya chunusi za zamani kukataa kufutika, na vile vipele vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni na shingoni. (Vipele hivyo havina madhara. Tretinoini haiviondoi, huondolewa na daktari wa ngozi.) Kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi atarajie faida ya kwanza kwenye rangi, kisha ulaini, na makunyanzi mwishoni.

Inavyofanya kazi

Tretinoini ni asidi itokanayo na vitamini A. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kuwa dawa ya chunusi kwa jina la Retin-A, na aliyeisukuma ni daktari wa ngozi Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Baadaye wagonjwa wa umri mkubwa wakaanza kusema ngozi yao imelainika pia, majaribio yakafanyika katika miaka ya 1980, na mwishoni mwa 1995 krimu ya asilimia 0.05 ikaidhinishwa huko kwa jina la Renova mahususi kwa vistari vyembamba, madoa na ngozi yenye kukwaruza. Kwa kuwa jina la Kligman limetajwa, lisemwe na hili: kwa miaka mingi, hadi 1974, alifanya majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia. Ubora wa dawa haufuti ubaya wa njia hiyo, na anayejipaka ana haki ya kujua.

Ikishaingia kwenye seli, tretinoini inakwenda hadi kwenye kiini na kushika vipokezi vinavyoamuru jeni. Seli za juu zinajigawa kwa kasi, zile zilizokufa zinapukutika mapema, na melanini iliyorundikana sehemu moja inatawanywa. Ndani zaidi, vimeng'enya vinavyokata kolajeni vinazuiwa na nyuzi mpya zinafumwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulichukua vipande vya ngozi iliyoharibiwa na jua, baada ya miezi 10 hadi 12 ya krimu ya asilimia 0.1: uundaji wa kolajeni aina ya kwanza ulikuwa umepanda kwa asilimia 80, ilhali kwa waliopaka krimu tupu isiyo na dawa ulishuka kwa asilimia 14.

Linganisha na krimu zinazojinadi kuwa zina kolajeni ndani yake. Molekuli ya kolajeni ina uzito wa daltoni 300,000 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na ngozi isiyo na jeraha kwa kawaida hairuhusu kitu kizito kuliko daltoni 500 kupita kwa urahisi. Tretinoini ina 300. Kolajeni ya kwenye kopo inabaki juu, inashika maji, uso unaonekana umejaa kwa saa chache, halafu unanawa na inakwenda na maji. Kama unataka kazi hiyo ya saa chache, gliserini au mafuta mgando yanaifanya vilevile.

Retinoli, ile inayouzwa bila cheti cha daktari, ni ndugu yake. Lazima ngozi iibadilishe mara mbili kabla haijawa asidi inayofanya kazi, na njiani nyingi inapotea, hivyo nguvu yake ni ndogo mara nyingi zaidi. Ni chaguo zuri kwa asiyeweza kuvumilia tretinoini, mradi ipo kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa. Kopo la mdomo mpana linalofunguliwa kila usiku linaiua ndani ya wiki chache.

Nguvu gani, umbo gani

Tyubu huja na asilimia 0.025, 0.05 au 0.1. Kosa la kawaida ni kukimbilia ya juu. Katika majaribio ya wiki 48 yaliyolinganisha 0.025 na 0.1, uso uliboreka karibu sawa kwa zote mbili. Kilichopishana ni mwasho, na 0.1 ilikuwa mbaya zaidi kwa wazi. Katika majaribio ya awali ya 0.1, yaliyochapishwa mwaka 1988, zaidi ya asilimia 90 ya waliopakwa dawa walipata ngozi kuvimba na kubabuka. Kwa uso unaozeeka, ambao tayari ni mkavu, sisi tunasema anza na 0.025 na huenda usihitaji kupanda kamwe.

Chagua krimu, usichague jeli. Jeli nyingi zina spiriti na zilitengenezwa kwa vijana wenye ngozi ya mafuta. Tezi za mafuta za mtu wa miaka 55 zimeshapunguza kazi, na jeli itamalizia unyevu uliobaki.

Kisha soma mgongo wa tyubu mstari kwa mstari. Hapa ndipo tunapoomba msomaji asiwe na haraka. Ziko krimu zilizochanganya tretinoini na hidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) pamoja na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na nyingi zinauzwa kama krimu za kung'arisha. Mchanganyiko wa aina hiyo una matumizi yake halali: ule wenye fluosinoloni asilimia 0.01, hidrokwinoni asilimia 4 na tretinoini asilimia 0.05 umeidhinishwa kwa madoa mapana ya usoni, chini ya daktari, kwa wiki zisizozidi 8. Ukipakwa miaka, unageuka mkorogo. Steroidi inakondesha ngozi, mishipa midogo inajitokeza, na siku ukiiacha uso unalipuka vipele. Hidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Kwa maneno mengine, mtu anayetaka kupunguza uzee anajipaka kitu kinachouharakisha. Ukiona maneno betamethasoni, klobetasoli, mometasoni au fluosinoloni kwenye orodha, hiyo siyo krimu inayozungumziwa hapa.

Namna ya kupaka

Ni ya usiku, kwa sababu mwanga unaivunja. Nawa kwa sabuni laini isiyo na chembe za kusugua, jifute kwa kugonga-gonga taulo, halafu subiri dakika 20 hadi 30. Kusubiri huko wengi wanakuruka. Ngozi yenye majimaji inaifyonza dawa haraka na kwa wingi, na uchomaji wa usiku wa kwanza mara nyingi unatoka hapo.

Kamua kiasi cha punje moja ya njegere kwenye ncha ya kidole cha shahada. Hicho ni kama robo gramu, nacho ni cha uso mzima. Gusa vituo vitano: paji la uso, shavu hili, shavu lile, kidevu, na nukta ndogo sana juu ya pua. Kila nukta iwe ndogo kiasi kwamba utaona aibu ya uchache wake. Sambaza kutoka kwenye nukta kwenda nje hadi usiione tena. Ikibaki weupe unaoonekana, umezidisha. Pembe za macho, pembe za pua na pembe za mdomo zipake mafuta mgando kabla ya kuanza, maana krimu hutambaa yenyewe usiku na kujikusanya kwenye mikunjo hiyo, na ngozi ya pale ndiyo ya kwanza kupasuka. Kwenye kope la juu usiguse kabisa. Chini ya jicho ishia kwenye ukingo wa mfupa.

Baada ya dakika 10 nyingine paka krimu ya unyevu, nzito, isiyo na manukato. Mwenye ngozi nyepesi kuudhika apake unyevu kwanza, kisha dawa, kisha unyevu tena. Hupunguza ukali bila kuondoa faida.

Ratiba: usiku mmoja, kisha pumzika mbili, kwa wiki mbili. Ukiona uko salama, usiku mmoja uwe wa dawa na mmoja wa mapumziko kwa mwezi. Baada ya hapo kila usiku, kama ngozi inakubali. Wengi wa umri mkubwa wanaishia usiku tatu au nne kwa wiki na wanapata matokeo. Hakuna ulazima wa kufika saba.

Katika miezi mitatu ya mwanzo weka kando kila kitu kingine kinachochuna: asidi ya glaikoliki, asidi ya salisiliki, skrabu, vitambaa vya kusugulia. Benzoili peroksaidi usiipake pamoja nayo usiku mmoja, kwani inaivunja. Vitamini C inaweza kukaa asubuhi.

Panapoharibika

Kati ya wiki ya pili na ya sita ngozi hubabuka. Hiyo ni kawaida, na inaonekana kama unga mweupe unaopukutika karibu na mdomo na kidevu. Usiuchune kwa kucha. Loweka kwa kitambaa cha maji vuguvugu, pangusa taratibu, paka unyevu. Aliyewahi kuwa na chunusi anaweza kuzipata upya kwa wiki chache, maana zilizokuwa zimejificha zinasukumwa nje. Nazo zinapita.

Kisicho kawaida ni maumivu. Krimu ya unyevu ya kawaida ikikuchoma unapoipaka, ngozi ikawa inang'aa kama nailoni na imekaza, au kwenye ngozi nyeusi ukaona sehemu imegeuka ya kijivu au zambarau, kinga ya ngozi imevunjika. Simamisha dawa usiku tano hadi saba, paka unyevu na mafuta mgando tu, kisha rudi kwa usiku mmoja kila baada ya mbili. Mwenye ngozi nyeusi asivumilie hali hiyo hata siku moja kwa imani kwamba ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi. Kila mwako unaozidi unaacha doa jeusi, na doa hilo linachukua miezi kufutika. Tumeona maelezo yanayohimiza watu wastahimili. Kwa ngozi nyeusi ushauri huo ni mbaya, na unazaa tatizo lilelile mtu alilokuja kulitibu.

Anayenyoa nyusi au mdomo wa juu kwa nta asimamishe dawa kama wiki moja kabla. Tabaka la juu limekuwa jembamba na nta inaweza kuondoka na ngozi hai.

Na kuna kushindwa kusiko na maumivu: mtu anafanya yote sawa, anasahau mchana. Usiku dawa inazuia vimeng'enya vinavyokata kolajeni, asubuhi UVA inaviamsha tena. Krimu ya kinga ya jua ya SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, ile mionzi ya jua inayounguza ngozi, lakini kwa uzee wa ngozi tafuta pia maandishi kwamba inakinga UVA. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa kwa urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Karibu kila mtu hupaka nusu yake au chini. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Kwa madoa ya ngozi nyeusi, kinga ya jua iliyotiwa rangi ya udongo ni bora, kwa kuwa oksaidi ya chuma iliyomo inazuia hata mwanga unaoonekana, nao peke yake unatosha kukoleza madoa. Majaribio ya Nambour, Australia, yalifuatilia watu wazima 903 wa chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu: walioelekezwa kupaka kinga ya jua kila siku walionyesha dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kwa hiari yao. Kama uwezo wako unakuruhusu kununua kimoja tu, nunua kinga ya jua, uache tretinoini.

Muda, na sehemu nyingine za mwili

Wiki ya nne hadi ya sita uso unakuwa laini ukiugusa, ingawa kwa macho huoni kitu. Mwezi wa tatu hadi wa sita madoa yanafifia. Vistari vyembamba ni mwezi wa sita hadi wa kumi na mbili, kwa sababu kolajeni haifumwi kwa haraka. Piga picha siku ya kwanza, dirisha lilelile, saa ileile, bila vipodozi, na upige nyingine kila baada ya miezi mitatu. Kumbukumbu ya kioo inadanganya pande zote mbili. Ukiacha dawa, faida haiporomoki kesho yake, lakini ngozi inarudi taratibu kwenye mwendo wake wa zamani.

Mikunjo inayotokea uso unapocheka au kukunja ndita, kisha inabaki hata uso ukitulia, italainika kingo tu. Chanzo chake ni misuli, nayo inaendelea kuvuta kila siku.

Shingo ina tezi chache za mafuta na huudhika haraka. Paka mara moja au mbili kwa wiki, tena juu ya krimu ya unyevu. Zile kamba mbili za wima zinazosimama shingoni ni misuli; usizihesabu. Nyuma ya viganja na mikono ya chini hupokea dawa vizuri, lakini huchukua muda mrefu kuliko uso, na kila unaponawa kinga ya jua inaondoka. Miguuni na mapajani, penye ngozi iliyosinyaa kama karatasi, haina maana kumaliza tyubu. Losheni ya yurea ya asilimia 10 au ya asidi ya laktiki ya asilimia 12 inatosha kulainisha. Mabadiliko mengine ya mwili, yaani misuli kupungua kuanzia miaka ya 30, mafuta kuhama kutoka chini ya ngozi kwenda ndani ya tumbo, urefu kupungua kama sentimita moja kila miaka kumi baada ya 40, yana tiba zake, na hazipo kwenye tyubu yoyote. Mazoezi ya kunyanyua uzito yanabadilisha umbo la mkono wa mtu wa miaka 65 kuliko krimu yoyote tunayoijua.

Mjamzito, anayetafuta mimba au anayenyonyesha asiitumie bila daktari. Dawa za familia hii zikimezwa hudhuru mtoto tumboni, na hakuna kunyanzi linalostahili hatari hiyo. Mwenye pumu ya ngozi usoni asubiri ipoe kwanza. Doa moja linalokua, lenye kingo zisizo sawa au linalotoa damu lisipakwe kitu. Lipelekwe kwa daktari wa ngozi.

Hifadhi tyubu imefungwa vizuri, mbali na dirisha na joto, si juu ya sinki. Na uihesabu. Tyubu ya gramu 20 kwa kipimo cha njegere ina usiku 80. Kwa usiku tatu kwa wiki inapaswa kukufikisha miezi sita. Ikiisha ndani ya miezi miwili kwa ratiba hiyohiyo, unapaka mara tatu ya kinachotakiwa, na pengine ndiyo sababu ya uso kuwaka.